Somo: Kupiga Picha ya Ua Porini

Ua dogo la zambarau la Usambara, Saintpaulia, lilipelekwa Ujerumani mwaka 1892, likawa pambo la madirishani duniani. Kwao ni kwenye miamba, chini ya kivuli cha msitu.

1. Nendeni asubuhi au wakati wa mawingu. Jua kali la mchana hufifisha rangi.
2. Piga magoti, kamera ilingane na ua. Egemeza viwiko ili mikono isitikisike.
3. Usilichume wala kulihamisha.
4. Piga picha ya pili kutoka mbali, ionyeshe mwamba na miti.

Miti ikikatwa, ua hili hukauka. Kwa hiyo picha ya kwanza hupendeza, bali ya pili hutoa ushahidi kwa wafadhili na washarika. Andikeni tarehe na mahali, mrudi hapo hapo mwakani.