Dosie Isiyozama: Namna ya Kudai Haki ya Ulemavu Ukiwa Vitshumbi

Mvuvi wa Vitshumbi, kando ya ziwa Edouard, akiumizwa na kiboko ziwani, wenzake humfunga jeraha kwa kitambaa, humkokota hadi ufukoni, na kabla jua halijapanda kijiji kizima kinajua. Miaka miwili baadaye anasimama mbele ya karani mjini Goma, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwake. Kijiji hakipo pale kumsemea. Kilichopo ni karatasi aliyoishika, au mkono mtupu.

Wenye ulemavu wengi wananyimwa haki kwa kukosa ushahidi wa jambo ambalo kila jirani analijua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ya ulemavu ni mali. Hizi ni hatua za kuiandikia daftari.

1. Jua mlango wako

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinawapa wazee na wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa hatua maalumu. Sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 ikaja kufafanua haki zao. Hata hivyo, Kongo haina posho ya kila mwezi kwa wenye ulemavu, kama ile ya mpango wa Inua Jamii wa Kenya unaozipa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwetu kila dai lina mlango wake:

- Ulikuwa na mwajiri aliyekukata michango? Mlango wako ni CNSS, kasha la taifa la hifadhi ya jamii, lenye pensheni ya ulemavu na malipo ya ajali za kazini. Kadi ya zamani ya INSS usiitupe, maana INSS ndiyo iliyogeuka kuwa CNSS baada ya sheria ya tarehe 15 Julai 2016.
- Ulikuwa mtumishi wa Leta? Ulizia CNSSAP, kasha la watumishi wa umma.
- Uliumizwa na vita, au ulitendewa ukatili wa kingono vitani? Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 iliunda FONAREV, mfuko wa kitaifa wa fidia kwa waathirika.
- Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokuhusu, kama wavuvi wengi wa mtumbwi? Anzia kwenye ofisi ya mambo ya kijamii ya teritwari ya Rutshuru. Waombe wakuandikishe, na kama huna uwezo, uliza habari ya cheti cha umaskini, ambacho kinaweza kukupunguzia gharama za mahakamani.

Tangu Goma ichukuliwe na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, kazi za ofisi nyingi za serikali mjini humo zimevurugika. Dai linaweza kulazimika kungoja hadi mlango ufunguke. Ushahidi haungoji: jeraha linafunga, muuguzi anahamishwa, daftari la kituo cha afya linaliwa na mchwa. Kwa hiyo anza leo.

2. Kamata karatasi ya siku ya kwanza

Karatasi yenye nguvu kuliko zote ni ile iliyoandikwa siku ulipoumia. Kwenye kituo cha afya, omba tarehe, mahali na chanzo cha jeraha viandikwe. “Jeraha la mguu” halitoshi. “Aliumwa na kiboko akivuta wavu, ziwa Edouard” inaeleza yote. Ukipelekwa hospitali kuu ya Rutshuru, usiondoke bila karatasi ya kutoka. Matibabu yakiisha, rudi uombe cheti kinachosema ulemavu uliobaki ni wa kudumu, na ikiwezekana kiwango chake kwa asilimia.

Kama uliajiriwa, mwambie mwajiri kwa maandishi atangaze ajali. Asipofanya hivyo, peleka barua yako mwenyewe kwenye kasha bila kuchelewa.

3. Eleza kazi iliyokufa mkononi

Jina la ugonjwa peke yake halimwonyeshi karani maisha yako. “Mgongo unauma” husemwa na kila mtu. Sema hivi: “Zamani nilipiga kasia usiku kucha. Sasa nikikaa mtumbwini saa moja, miguu inakufa ganzi. Siwezi kuinua beseni la samaki. Mke wangu ananivalisha viatu.” Mama anayekausha samaki aeleze kama anaweza kuinama juu ya moto, na kwa muda gani.

Hesabu pia siku. Kwa mwezi mmoja, andika kila jioni ulichoshindwa kufanya na aliyekusaidia. Usiongeze chumvi: uongo mmoja ukigunduliwa, ukweli wote unaingia shaka. Lakini usijikaze kwa ajili ya heshima. Wanaume wetu wamelelewa kusema “niko sawa”, na daktari akiisikia, ataiandika hivyo hivyo.

4. Tafuta mashahidi wanaojua

Tafuta angalau barua mbili: moja ya mtu aliyekuwapo siku ile, nyingine ya anayekuona kila siku. Kila mmoja aandike alichokiona kwa macho yake, aweke tarehe na sahihi au alama ya kidole. Mwombe shefu wa kijiji au komite ya wavuvi wathibitishe kazi uliyokuwa ukifanya na tangu mwaka gani. Kama ulitengenezewa mguu wa bandia au gongo kwenye kituo cha Shirika la Umoja mjini Goma, karatasi zao nazo ni ushahidi.

5. Kifaransa kisikupokonye habari yako

Fomu nyingi ni za Kifaransa. Simulia kwanza kwa Kiswahili, mwalimu au kijana msomi aandike, kisha akusomee kwa Kiswahili kabla hujatia sahihi. Hakikisha jina lako limeandikwa namna moja kila mahali. Herufi moja tofauti kati ya kadi ya mpiga kura na cheti cha daktari inaweza kurudisha dosie nyuma. Kama vitambulisho vilipotea mlipokimbia, omba kwanza cheti cha kupoteza vitambulisho.

6. Usiache karatasi ya asili

Peleka kopi, bakiza asili. Kopi yako ipigwe kashe na tarehe ya kupokelewa. Bila kashe, ni kana kwamba hukufika. Andika jina la ofisi na la aliyekupokea. Ukiombwa pesa ili jina lako “lipande” kwenye orodha, kataa, na uulize bei halali mbele ya shahidi.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi na muda wa kukata rufaa, kisha jibu sababu hiyo hasa kwa karatasi mpya. Kurudi na dosie ile ile ni kuuliza swali lililokwisha jibiwa.

Kazi ya jioni hii

Toa karatasi zilizo chini ya godoro. Zipange kwa tarehe, zitie ndani ya mifuko miwili ya plastiki, ufunge vizuri. Piga kila moja picha kwa simu, umtumie ndugu aliye mbali: Butembo, Kampala, popote. Mkilazimika kukimbia tena, mfuko huo uondoke na watoto, kabla ya sufuria. Sufuria utaazima kwa jirani. Karatasi ya siku ulipoumia hakuna wa kukuazima.