Usiulize Kijapani Mikono Mitupu

Wadogo zangu, barua za mwezi huu zimetoka kusini. Mmoja amemaliza kidato cha sita, yuko Nachingwea kwa wazazi wake akisubiri mambo ya chuo. Wa pili ni fundi wa magari Ruangwa mjini. Wa tatu ni muuguzi, kituo chake hakukitaja na wala sitakiulizia. Hawajuani hawa, lakini wote wameniuliza jambo lilelile: Dada, nataka kujifunza Kijapani, huku hakuna darasa wala mwalimu, nianzie wapi?

Nimefurahi, na ninajua kwamba mkilisema hilo kijiweni mtachekwa. Acheni wacheke. Mwalimu wa kukaa naye darasani hamna, hilo ni kweli. Ila watu wa kuwasaidia mnao, na Kijapani chenyewe kimeshafika huko kabla yenu.

Fundi, wewe unakisikia kila siku. Gari iliyotumika Japan ukiiwasha, mara nyingi kuna sauti ya dada fulani inasema: "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen." Madereva wengi wameisikia miaka nenda rudi bila kujua inasema nini. Inasema kadi ya ETC haijaingizwa, yaani ile kadi ya kulipia barabara za kwao. Sikiliza mwisho wake: "masen". Hapo ndipo ukanushi unapokaa katika Kijapani cha heshima. Tabemasu, nakula. Tabemasen, sili. Tabemashita, nilikula. Sisi tunakanusha mwanzoni mwa kitenzi, wao wanakanusha mwishoni, kwa hiyo usimkatize Mjapani katikati ya sentensi ukidhani umeshamwelewa.

Muuguzi, kwenu kuna 5S, utaratibu wa kupanga mahali pa kazi. Ulianza katika hospitali zetu mwaka 2007 kule Mbeya, kwa ushirikiano na JICA, shirika la maendeleo la Japan, kisha ukasambaa. Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Kwa Kijapani ni seiri, seiton, seiso, seiketsu, shitsuke. Umepata maneno matano, na maana zake unaziishi kazini.

Na wewe wa kidato cha sita, ufuta wenu unaopigwa mnada kupitia chama cha ushirika cha RUNALI, kwa Kijapani unaitwa goma. Karibu ufuta wote unaoliwa Japan hutoka nje, na Tanzania ni mojawapo ya nchi zinazowauzia. Anza na vitu vya kwenu namna hiyo. Maneno ya theluji na treni za chini ya ardhi yatakuja baadaye.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu akiamua kujifunza Kijapani anatafuta kitabu cha Kiingereza, anaanza kupambana na lugha mbili kwa wakati mmoja. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa mtu ambaye lugha yake ni Kiingereza. Vinamfafanulia kwa kurasa nzima mambo ambayo wewe uliyajua kabla hujaenda shule, na vinakaa kimya pale ambapo wewe Mswahili utateleza.

Chukua kore, sore, are. Mwingereza ana maneno mawili tu ya kuonyesha kitu, kwa hiyo haya matatu yanamsumbua. Wewe una hiki, hicho, kile. Kore ni hiki kilicho karibu na mimi. Sore ni hicho kilicho kwako, au hicho ulichokitaja. Are ni kile cha mbali nasi sote. Koko, soko, asoko, ndiyo hapa, hapo, pale. Somo limekwisha, mdogo wangu.

Matamshi nayo yanatupendelea. Irabu ni tano zilezile, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Hata maandishi yao ya mwanzo, hiragana na katakana, yenye alama 46 za msingi kila upande, yanaandika silabi. Alama moja ni ka, nyingine ki, nyingine ku. Aliyesoma ba, be, bi, bo, bu darasa la kwanza ataelewa mpango huo kwa siku moja, ingawa kuzishika alama zenyewe kunataka wiki kadhaa za kuandika kila siku. Na yule anayetaniwa kwa kuchanganya r na l atapumua, kwa sababu Kijapani hakitenganishi sauti hizo.

Kuhesabu pia. Kijapani hakina ngeli, lakini ukihesabu unachagua neno la kuhesabia kulingana na kitu. Watu ni hitori, futari, sannin. Vitu vyembamba na bapa kama karatasi, shuka na sahani vinapewa -mai. Virefu kama kalamu na chupa vinapewa -hon, ambayo inabadilika sauti: ippon, nihon, sanbon. Mtu aliyekulia kwenye mtu mmoja, kiti kimoja, jiwe moja hawezi kushtushwa na hilo.

Mtakapoteleza ni kwenye urefu wa irabu. Nikiandika mstari juu ya irabu, ivute. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na tukiikaza tunaivuta kidogo bila kujua. Kwa Kijapani kuvuta kunabadilisha neno. Biru ni jengo la ghorofa, bīru ni bia. Obasan ni shangazi au mama wa makamo, obāsan ni bibi. Ukimwita mama wa watu bibi kabla ya wakati wake, nadhani unajua utakavyoangaliwa hata Nachingwea sokoni.

Kosa hilo huwezi kulisikia mwenyewe. Lazima awepo mtu wa kukusikiliza, na hapo ndipo ninapofika kwenye jambo nililokusudia kuwaambia leo: namna ya kuomba msaada.

Ujumbe wa "naomba unifundishe Kijapani" haujibiki. Anayeupokea hajui aanzie wapi, anakutumia kikatuni cha tabasamu, mnaachana. Nenda na sentensi uliyoitengeneza mwenyewe, hata kama imepinda. Tuseme unataka kusema unanunua ufuta sokoni. Umeshajifunza kwamba "naenda sokoni" ni "ichiba ni ikimasu", ukafurahi kuona "ni" inakaa nyuma ya neno la soko kama kwetu. Ukaandika: "Ichiba ni goma o kaimasu." Mtumie mtu sentensi hiyo, mweleze ulitaka kusema nini, na umwambie mahali unapopashuku. Atakujibu kwa dakika moja: hapo ni "de", sema "ichiba de goma o kaimasu".

Ukiuliza kwa nini, utajifunza kitu ambacho hakuna kitabu cha Kiingereza kitakachokupa kwa namna yako. Ile -ni yetu moja inabeba kazi mbili. Naenda sokoni, nanunua sokoni, kwetu ni sawa tu. Wajapani wamezigawa: unakoelekea au kitu kilipo ni "ni", unapofanyia tendo ni "de". Gakkō ni ikimasu, naenda shuleni. Gakkō de benkyō shimasu, nasoma shuleni. Kosa lako limetoka kwenye Kiswahili chako, na ukikijua chanzo chake hulirudii ovyo. Ndiyo maana nasema nenda na sentensi. Swali la mikono mitupu halimwonyeshi msaidizi wako mahali ulipokwama.

Halafu mjue wasaidizi ni wa aina mbili, na msiwachanganye. Mjapani mwenyewe atakupa sikio. Atakuambia hivi tunasema, hivi hatusemi. Ukimuuliza sababu huenda akashindwa, na si kwamba anakuficha. Jaribu wewe kumweleza mgeni kwa nini ni meza yangu na si meza langu, uone utakavyohangaika. Pia Wajapani wengi ni wapole, watakusifu "jōzu desu ne", unajua sana, hata ukiwa umevuruga. Mwambie wazi kwamba unaomba kurekebishwa. Wa aina ya pili ni mwenzako aliyetangulia kidogo, Mswahili aliyeteleza palepale mwezi uliopita. Huyo ndiye mwenye sababu. Kwao anaitwa senpai, na anastahili heshima hata kama umri wake ni mdogo kuliko wako.

Mtawapata wapi? Wa kuanza nao ni ninyi kwa ninyi. Toka Nachingwea hadi Ruangwa si safari ya kutisha, na kikundi cha simu cha watu wanne au watano kinatosha. Kila mmoja alete sentensi tatu kwa wiki, na azitume kwa sauti pia, maana maandishi hayaonyeshi kama ulivuta irabu. Masomo yenyewe chukueni NHK World, huduma ya kimataifa ya shirika la utangazaji la umma la Japan. Wana masomo ya Kijapani cha kuanzia yanayoelezwa kwa Kiswahili, bure, 48, kila moja kama dakika 10, yakimfuata Tam, msichana wa Vietnam anayesoma Tokyo. Siku ukiwa mahali penye mtandao mzuri pakua kadhaa, usikilize nyumbani bila bando.

Wajapani nao msiwaone wako mbali sana. Wafanyakazi wa kujitolea wa JICA wamekuwa wakija Tanzania tangu miaka ya 1960, wakikaa mashuleni, hospitalini na vijijini. Na kule Japan, Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili, kwa hiyo wako vijana wa Kijapani wanaohangaika na ngeli usiku huu kama ninyi mnavyohangaika na "ni" na "de". Mnaweza kukutana nao kwa kubadilishana: nusu saa Kijapani, nusu saa Kiswahili. Napenda njia hii kuliko zote, kwa sababu hapo hamna mwombaji. Una kitu ambacho mwenzako anakihitaji, na unakijua toka utotoni.

Adabu nayo izingatieni. Kijapani kina lugha ya kuongea na wasiozoeana, ile inayoishia na desu na masu, na lugha fupi ya marafiki. Anza na desu na masu, ubaki na hiyo mpaka ukaribishwe. Jina la mtu liongezee -san, la mwalimu sensei, lako mwenyewe usiliongezee chochote. Najua wapo wanaojifunza kwa katuni za Kijapani, na masikio yao yanapata mazoezi mazuri. Lakini mule mashujaa wanaitana "omae". Ukimwita hivyo mtu anayekusaidia bure, ni sawa na kumpita mzee wa Nachingwea ukamrushia "mambo" badala ya shikamoo. Na ukisharekebishwa, andika sentensi upya, irudishe kwake ikiwa sahihi, useme arigatō gozaimasu. Mtu akiona msaada wake umefanya kazi, kesho atakusaidia tena.

Sasa jambo zito. Mwaka 2025, mwezi wa Agosti, simu zilijaa habari kwamba Japan imewapa Watanzania mji wa Nagai, watu wajiandae na viza. Ukweli ni kwamba JICA ilikuwa imeutaja Nagai kuwa mji wa mabadilishano na Tanzania katika TICAD, mkutano wa Japan na Afrika, kule Yokohama, na viza hazikuwamo. Maneno yalipozidi kule Japan kwenyewe, mpango ukafutwa Septemba. Upepo kama huo ukivuma, matapeli huufuata. Mtu akikuambia ulipe fedha upate Kijapani cha wiki sita na kazi Tokyo, mfungie mlango. Fedha ya korosho ya baba yako haikupatikana kirahisi.

Wa kidato cha sita, hii ni yako. Serikali ya Japan hutoa ufadhili wa masomo, unaoitwa MEXT, na kwa Tanzania hutangazwa kila mwaka na ubalozi wao Dar es Salaam. Kuomba hakulipiwi. Shahada ya kwanza ni miaka mitano kwa kawaida, na mwaka wa kwanza wake ni wa kujifunza lugha. Kwa hiyo huhitaji kuwa umeshaimudu ndipo uombe, lakini atakayefika anasoma hiragana atalala vizuri zaidi mwaka huo. Ukitaka kujipima, kuna mtihani wa JLPT wenye ngazi tano, N5 ndiyo ya chini, nao hufanyika Nairobi mwezi wa Desemba. Usiukimbilie mwaka huu. Kwa nauli hiyo nunua daftari na bando.

Fundi wangu, kazi yako ya wiki hii ipo chini ya boneti. Jifunze katakana kwanza, hiragana ifuate, tofauti na wenzako, kwa sababu vitabu vya magari na vibandiko vimejaa maneno unayoyajua tayari: burēki ni breki, enjin ni injini, taiya ni tairi. Handoru itakuchanganya, ni usukani. Piga picha kila kibandiko usichokielewa, jaribu kukisoma kwanza, ndipo uwatumie wenzako pamoja na ulichodhani.

Muuguzi, wewe una zamu za usiku, kwa hiyo usijibebeshe alama 46 kwa mpigo. Tano kwa wiki zinatosha, na yale maneno matano ya 5S yaandike kwa hiragana uyabandike ndani ya kabati lako. Na ninyi watatu nitakaowaunganisha mkinipa ruhusa kwa barua, salamu ya kwanza kwenye kikundi iwe hii, kila mtu kwa sauti yake: "Hajimemashite. Ruangwa kara kimashita." Nimetoka Ruangwa. Wa Nachingwea atabadilisha jina la mji, kisha asubiri mwenzake amwambie kama ameivuta irabu isiyovutwa.