Bunge la Jimbo Likifunguliwa Wakati wa Ugonjwa: La Kufanya Wiki ya Kwanza

Ukiwa unakaa Kolwezi, Fungurume, Lubudi au kule Dilolo, shika tarehe mbili kichwani: 30 Machi na 30 Septemba. Ndizo tarehe ambazo Bunge la Jimbo la Lualaba, sawa na mabunge ya majimbo mengine ya Kongo, hufungua kikao chake cha kawaida cha miezi mitatu. Usilichanganye na Bunge la Taifa la Kinshasa, ambalo hufungua tarehe 15 ya miezi hiyo hiyo. Watu wengi husikia redioni kwamba bunge limefunguliwa, wakaona ni sherehe ya wakubwa, wakazima redio. Hapo ndipo wanapopotea. Katika wiki ile ya kwanza ndipo hupangwa ni mambo gani yatakayojadiliwa hadi mwisho wa Juni au wa Desemba. Jambo la kartye yako lisipofika mezani mapema, huenda likasubiri msimu mwingine, na wakati wa ugonjwa miezi sita ni mirefu mno.

Tulikwisha kuona hali hiyo mwaka 2020. Tarehe 10 Machi ilitangazwa kwamba Kinshasa imepata mgonjwa wa kwanza wa Covid-19. Tarehe 18, Rais Félix Tshisekedi alikataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 mahali pa wote, akafunga shule, makanisa na baa. Tarehe 24 akatangaza hali ya dharura, yaani kipindi ambacho serikali inaruhusiwa kubana uhuru fulani kwa muda ili kuokoa maisha. Kinshasa ikatengwa na majimbo, na mipaka ikafungwa isipokuwa kwa mizigo. Siku sita tu baada ya amri hiyo ikafika 30 Machi, siku ya mabunge ya majimbo. Hebu fikiria ugumu wake: wabunge, makarani, walinzi na waandishi wa habari, hao peke yao wanapita watu 20. Na hata hivyo huo ndio wakati ambao wananchi walikuwa na maswali mengi kuliko wakati wowote: bei ya unga wa bukari, watoto waliokaa nyumbani bila kusoma, wafanyakazi waliozuiwa ndani ya maeneo ya migodi bila kuona familia zao.

Labda unajiuliza kama bunge la jimbo lina neno lolote juu ya ugonjwa, au kila kitu hutoka Kinshasa. Lina neno. Kifungu cha 204 cha Katiba ya mwaka 2006 kinaorodhesha kazi za jimbo lenyewe, na humo mna huduma za usafi na za kukinga magonjwa, mipango ya kupambana na magonjwa ya mlipuko kwa kufuata mpango wa taifa, na kuwagawa waganga na wauguzi katika vituo. Mna pia shule za msingi na za sekondari, na barabara za jimbo. Kwa hiyo kituo cha afya kisicho na muuguzi, au soko lisilo na maji ya kunawa mikono, ni jambo la kupeleka Kolwezi, kwenye bunge la jimbo. Lakini ukitaka sheria ya madini ibadilishwe, au mpaka ufunguliwe, hapo mtafute mbunge wako wa taifa. Ombi lililopelekwa mahali pasipolihusu hulala kabatini.

Sasa wiki yenyewe inakwendaje? Siku ya kwanza ni ya hotuba. Rais wa bunge hufungua kikao mbele ya wabunge na wageni, na hotuba yake inafaa kusikilizwa, kwa sababu humo hutaja mambo anayotaka yashughulikiwe. Baada ya hapo, viongozi wa bunge hukaa pamoja na wakuu wa kamati na wa makundi ya kisiasa kutengeneza kalenda ya kazi. Viongozi hao, ambao kwa jumla huitwa biro, ni rais, makamu wake, raportere anayeshughulikia maandishi, naibu wa raportere, na kwestere anayeshika pesa na vifaa. Kisha kalenda inapelekwa mbele ya wabunge wote ikubaliwe. Ikiisha kukubaliwa, kazi huingia katika kamati: ile ya siasa na sheria, ile ya uchumi na fedha, ile ya mambo ya jamii na utamaduni. Hii ya mwisho ndiyo mara nyingi hupokea mambo ya afya na shule.

Vikao vya wabunge wote ni vya wazi, isipokuwa wao wenyewe wakiamua kufunga milango. Kuingia kusikiliza hakulipiwi. Utaombwa kadi yako ya mpiga kura, nawe uvae kwa heshima. Ugonjwa ukiwapo, nafasi za wananchi ndizo hupunguzwa kwanza, na sioni ubaya wake. Usilazimishe. Fuata kwa redio, andika tarehe na jina la mbunge aliyesema, hiyo inatosha. Njia yenye nguvu kuliko kukaa ukumbini ni karatasi.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongo haki ya kupelekea mamlaka ya serikali ombi la maandishi, peke yake au pamoja na wenzake. Mamlaka hiyo inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kifungu hicho kinasema pia kwamba hakuna mtu atakayeshtakiwa kwa sababu ya kupeleka ombi kama hilo. Nakusihi ukisome mara mbili, kwa maana nimekutana na akina mama wengi wenye haki kabisa wakiogopa kutia sahihi. Amri za 2020 zilibana mikusanyiko na safari; kuandika barua hazikukukataza.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Juu kushoto weka majina yenu, kartye, komini (Dilala au Manika, kama ni mjini Kolwezi) na namba ya simu. Kulia weka tarehe, na chini yake: kwa Rais wa Bunge la Jimbo la Lualaba. Kisha taja jambo moja tu. Kwa mfano: «Sisi wakaaji wa kartye fulani, tunaomba Bunge limuulize waziri wa afya wa jimbo ni kwa nini kituo chetu hakina maji tangu mwezi wa kwanza, wakati wagonjwa wa kuhara wanapokelewa humo, na maji yatafika lini.» Ona jinsi ombi hilo lilivyo na mahali, muda, mtu wa kujibu na swali ambalo jibu lake ni tarehe. Ukiandika «tunateseka, mtuhurumie», hakuna atakayejua aanzie wapi. Kifaransa ndicho kinachotumika ofisini, basi mwalimu wa jirani anaweza kukusaidia kutafsiri. Ila msome kwanza kwa Kiswahili mbele ya wote wanaotia sahihi.

Sahihi zikusanywe nyumba kwa nyumba, si uwanjani. Watu wawili wapite na karatasi, kila mwenye nyumba atumie kalamu yake mwenyewe, wasimame mlangoni bila kuingia. Asiyejua kuandika atie alama ya kidole, na jina lake liandikwe pembeni mbele ya shahidi.

Toa kopi tatu. Peleka wewe na mwenzako mmoja, si kundi, mahali bunge linapopokelea barua. Moja inabaki kwao. Ya pili wanaigonga muhuri, wanaandika tarehe ya kupokea na namba ya daftari, wanakurudishia. Usiondoke bila hiyo kopi yenye muhuri, hata ukiambiwa urudi kesho. Ndiyo inayoanza kuhesabu miezi yako mitatu. Gharama zako ni kopi na nauli tu, maana Katiba haikuweka ada kwa ombi. Mtu akikudai pesa ili barua ipokelewe, mwombe kwa upole karatasi ya malipo ya serikali inayoonyesha kiasi na akaunti. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Kopi ya tatu mpe mbunge aliyechaguliwa kwenu. Yeye ana vyombo ambavyo wewe huna: anaweza kumwandikia waziri wa jimbo swali, kumwita ajieleze mbele ya wote, au kuomba iundwe tume ya uchunguzi. Jambo likiwa zito sana, wabunge wanaweza kupiga kura ya kumwondoa waziri. Kulianzisha hilo kunahitaji sahihi za sehemu moja ya kumi ya wabunge, na kura haipigwi kabla ya saa 48 kupita.

Kikao cha Septemba kina jambo lake: bajeti ya mwaka unaofuata. Hapo usiombe maji kwa ujumla, omba yaandikwe katika bajeti. Sheria ya madini ya 2018 inagawa malipo ambayo kampuni hutoa kwa madini yanayouzwa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini, sekta au uchifu yanakochimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Lualaba inakaa juu ya shaba na kobalti ambazo dunia nzima inazitafuta. Ni haki yetu kuuliza, faranga kwa faranga, ile 25 inafika vipi kwenye ndoo ya maji na sabuni ya kituo cha afya.

Neno moja juu ya tarehe, kwa maana hapa wengi hukosea hesabu. Ukipeleka ombi tarehe 30 Machi, miezi mitatu inakwisha mwisho wa Juni, wabunge wakiwa wanafunga mizigo kwenda likizo. Lipeleke katikati ya Machi, ili jibu liwe limetakiwa katikati ya Juni, wakati bado wamekaa na mbunge wako anaweza kusimama kuuliza lilikwamia wapi. Kwa kikao cha Septemba, peleka katikati ya Agosti au mwanzo wa Septemba. Na siku ikipita bila jibu, rudi na ile kopi yenye muhuri, uandike barua fupi ya pili inayotaja namba ya kwanza, uigongeshe muhuri nayo pia.