Dondoo muhimu: Cape Town, mashamba ya mizabibu na Kruger

Chagua mwezi kwanza, tiketi baadaye. Juni hadi Agosti Cape Town hunyeshewa, ilhali Hifadhi ya Kruger ni kavu: nyasi zimepungua na wanyama hukusanyika penye maji. Desemba na Januari mambo hugeuka, jua pwani na mvua mbugani. Mimi napendekeza Septemba. Mvua za Cape Town zinapungua na Kruger bado ni kavu.

Panda Table Mountain siku ya kwanza anga likiwa safi. Upepo mkali ukivuma, gari la kamba husimamishwa, na nafasi uliyoiahirisha huenda usiipate tena.

Stellenbosch, kwenye mashamba ya mizabibu, iko kilomita 50 hivi kutoka Cape Town. Aliyeonja mvinyo asishike usukani; kule Franschhoek kuna tramu inayowazungusha wageni mashambani. Asiyekunywa naye aende, kwani milima, bustani na chakula vinatosha kabisa kujaza siku.

Kwenda Kruger, panda ndege hadi Skukuza au Mbombela, maana kwa barabara ni mbali mno. Ukikodi gari hifadhini, mwisho wa mwendo ni kilomita 50 kwa saa kwenye lami, 40 kwenye changarawe. Malango ya kambi hufungwa jioni, hivyo geuza gari mapema hata kama umemwona simba.

Kruger kuna malaria: muone daktari kabla ya kuondoka. Anayetoka Kenya au Uganda abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano.