SOMO: Macho Makavu Baada ya Kupandikizwa Uloto

Machozi si maji matupu. Chini kuna ute, katikati maji, na juu mafuta yanayozuia maji yasikauke upesi. Mafuta hayo hutoka kwenye tezi ndogo za ukingo wa kope.

Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, wakichangiwa na ndugu zao. Tunamshukuru Mungu. Hata hivyo, mara nyingine chembe za mchangiaji hushambulia mwili wa aliyepokea, zikiwemo tezi za machozi na za mafuta, hata miezi mingi baadaye. Jicho huwasha kama lina mchanga, huwa jekundu na huogopa mwanga. Likiachwa, kioo cha mbele hupata vidonda na makovu, na uoni hupungua.

Wapendwa wanakamati wa sharika, mkiona dalili hizo kwa aliyepandikizwa:

1. Arudi kliniki mapema, hata kama anajisikia mzima.
2. Asitiwe dawa ya kienyeji wala ya dukani bila ushauri wa daktari.
3. Akielekezwa kukanda kope kwa kitambaa safi chenye uvuguvugu, afanye hivyo kila siku.

Kwa wafadhili wetu tunasema: nauli ya kurudi kliniki nayo ni sehemu ya matibabu.