Dondoo muhimu: Osha mzizi, linda kizibo

Sodiamu haipokloraiti, dawa iliyomo pia kwenye jiki ya kufulia, huua vijidudu vya mfereji wa mzizi vizuri sana. Tatizo huja baadaye: huacha oksijeni ndani ya dentini, na oksijeni huzuia resini kuganda sawasawa, hivyo kizibo cheupe hushika kwa shida. Kabla ya kupaka gundi, suuza kwa sodiamu askobati ya asilimia 10, kisha maji.

EDTA ya asilimia 17 huondoa utando unaobaki baada ya kuchonga. Dakika moja yatosha. Ikizidi sana hula dentini yenyewe.

Kloheksidini, dawa nyingine ya kuua vijidudu, isikutane kamwe na haipokloraiti: hutoa mashapo ya kahawia yanayoziba vijitundu vya dentini na kulitia jino madoa. Kati ya dawa hizo mbili, suuza kwa maji safi na ukaushe mfereji.