Nuru Baada ya Muungano wa Nyota za Nyutroni: Jina na Chanzo katika Uundaji wa Istilahi

1.0 Utangulizi

Mjadala wa istilahi za sayansi katika Kiswahili mara nyingi huhusu umbo: neno litoholewe, litafsiriwe au liundwe upya. Uhusiano wa jina na utendaji wa kitu kinachotajwa hupewa nafasi ndogo zaidi. Makala hii inaonyesha, kwa mfano wa nuru inayotokea baada ya nyota za nyutroni kuungana, kwamba istilahi inayokubalika kimuundo yaweza kumpotosha msomaji iwapo mwundaji hakuchunguza chanzo cha kitu chenyewe.

2.0 Tukio la 17 Agosti 2017

Nyota ya nyutroni ni kiini kinachosalia baada ya nyota kubwa kulipuka. Kwa kawaida masi yake huzidi ile ya Jua, ilhali kipenyo chake ni kilomita 20 hivi. Tarehe 17 Agosti 2017, vifaa vya LIGO nchini Marekani na Virgo nchini Italia vilinasa mawimbi ya uvutano ya nyota mbili za aina hiyo zilizozungukana hadi zikaungana. Sekunde 1.7 baadaye, satelaiti ya Fermi ilipokea mmweko wa miali ya gama uliodumu takriban sekunde 2. Baada ya muda wa saa 11 hivi, darubini ya Swope iliyoko Las Campanas, Chile, ilionyesha nukta mpya ya mwanga katika galaksi NGC 4993, umbali wa miaka ya nuru milioni 130 hivi. Nukta hiyo ilianza ikiwa ya buluu, ikageuka nyekundu katika siku chache, kisha ikafifia. Mionzi ya eksirei iligunduliwa siku 9 baada ya muungano, na mawimbi ya redio siku 16.

3.0 Nuru mbili zisizochanganywa

Tukiuacha mmweko wa mwanzo, zimebaki nuru mbili ambazo neno "mwanga" peke yake haliwezi kuzitenga.

3.1 Kilonova

Muungano hurusha nje maada yenye nyutroni nyingi. Katika tukio la 2017 ilikadiriwa kuwa takriban asilimia 5 ya masi ya Jua. Humo viini vya atomu humeza nyutroni kwa kasi, na elementi nzito kama dhahabu na platini huundwa. Viini vingi vinavyoundwa ni nururifu. Hapa mzizi wa Kiswahili unasaidia na kupotosha kwa pamoja: "unururifu" unatokana na "nuru", lakini viini hivyo havitoi moja kwa moja mwanga unaoonekana. Hutoa chembe na miali inayolipasha joto wingu la maada, na wingu hilo ndilo ling'aalo. Wekundu wa siku za baadaye husababishwa hasa na lanthanidi, ambazo huzuia mwanga wa buluu. Alama za strontiumu zilitambuliwa katika mwanga huo mwaka 2019.

Li-Xin Li na Bohdan Paczyński walitabiri mwanga wa namna hii mwaka 1998. Jina "kilonova" lilipendekezwa na Brian Metzger na wenzake mwaka 2010, kwa kuwa mng'ao uliokadiriwa ulikuwa kama mara 1000 ya ule wa nova. Kulitafsiri kwa kufuata maana ya Kilatini ya "nova", yaani "mpya", kungeleta "nyota mpya", ilhali kinachoonekana ni mwisho wa nyota mbili. Utohozi unafaa zaidi, lakini unazua swali la ngeli. Silabi ya kwanza inavutia wingi wa "vilonova", kama "kitabu" cha Kiarabu kilivyopata "vitabu" na "kipilefti" kikapata "vipilefti". Hata hivyo, "kilo" ni kiambishi cha kipimo, na Kiswahili husema "kilomita mbili", si "vilomita viwili". Kwa hiyo inafaa kusema "kilonova hii" na "kilonova hizi".

3.2 Mng'ao wa mkondo

Nuru ya pili haitokani na unururifu. Mkondo mwembamba wa maada, uendao karibu na kasi ya nuru, hugonga gesi iliyozunguka nyota. Elektroni zinazochapuliwa huzunguka katika ugasumaku na kutoa eksirei, mwanga na mawimbi ya redio. Istilahi ya kigeni huiita nuru hii mng'ao unaobaki baada ya mmweko. Tafsiri kama "masalio ya mng'ao" ingemfanya msomaji atarajie kitu kinachofifia tangu mwanzo. Mwaka 2017 haikuwa hivyo: kwa kuwa mkondo haukuelekea Dunia moja kwa moja, nuru hiyo iliongezeka kwa miezi 5 hivi ndipo ikapungua. "Mwangwi wa mwanga" nao haufai, kwani unataja mwanga unaoakisiwa na vumbi. "Mng'ao wa mkondo" unataja chanzo na hauahidi mwenendo.

4.0 Muungano usio na nuru

Januari 2020, mawimbi ya miungano miwili ya shimo jeusi na nyota ya nyutroni yalinaswa; hakuna nuru iliyopatikana. Shimo jeusi lenye masi kubwa lisilozunguka kwa kasi huweza kuimeza nyota nzima kabla haijararuliwa, hivyo hakuna maada ya kutosha inayobaki nje ya kung'aa. Istilahi ya jumla kama "nuru ya muungano" ingedai kwamba kila muungano hung'aa.

5.0 Hitimisho

Mwundaji istilahi anapaswa kuuliza kwanza ni nini kinachong'aa na kwa sababu gani, kabla ya kuuliza neno la kigeni lina maana gani. Mwanafunzi atakayesoma fizikia kwa Kiswahili hatakuwa na jina la kigeni la kumsahihisha. Atalielewa jambo kama jina la Kiswahili litakavyomwambia.